Mtori wa Mzazi

Kama kuna kitu kilichomvimbisha kichwa Aikande, ni mkono wake wa kupikia wazazi. Kitongoji kizima cha Ngaruma kilijua hivyo. Mwanamke akijifungua, na mama mkwe wake hajui ashike wapi aache wapi, mtu alitumwa kwa Aikande. Naye alikuja na mwiko wake kwapani, akawafukuza wote jikoni, na baada ya wiki moja mzazi mashavu yanang'aa. "Wengine wamezaliwa na sauti ya kuimba," alikuwa akisema, "mimi nimezaliwa na mwiko." Hakuna aliyembishia.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi, afisa wa Idara ya Lishe alipopiga hodi, Aikande hakushtuka hata kidogo. Alidhani ameletewa cheti kingine. Alikuwa navyo viwili tayari, amevitundika ukutani juu ya zizi.

Zizi lilikuwa ndani ya nyumba, mkono wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi ya mlimani tangu zamani. Ila halikuwa na ng'ombe. Lilikuwa na uyoga, umepangwa kwenye mifuko ya mabua kuanzia chini mpaka darini, na watoto wa siku hizi hawakujua hata kwa nini mahali pale panaitwa zizi. Aikande alijua. Alikuwa na miaka arobaini Homa ya Mifugo ilipopita mlimani ikifagia kaya baada ya kaya, watu na wanyama pamoja, na serikali ikaamuru kila chenye kwato na kila chenye manyoya kifukiwe. Alishika jembe kama wengine akawafukia ng'ombe wake wawili, huku analia. Miaka thelathini na moja sasa, na hakuna aliyeonja nyama, maziwa wala yai.

Na jamani, afya ilikuja! Mumewe, Ndesario, ambaye hakulala bila kisahani cha nyama ya mafuta, alikuwa ameanguka kwa kiharusi mwaka mmoja kabla ya Homa, akafa na miaka hamsini tu. Aikande mwenyewe alikuwa akimeza vidonge vitano kwa siku, vya presha na vya sukari, na magoti hayakumpandisha hata ngazi za kanisa. Leo, na miaka yake sabini na moja, hakumeza hata kimoja. Maharage, ndizi, majani ya mnafu, ulezi, karanga na uyoga. Presha ikashuka, sukari ikatulia, akawa anapanda mlima anawaacha vijana nyuma wanahema. Zahanati ya kata ilibakiwa na kitanda kimoja cha wagonjwa wa moyo, nacho wauguzi walikikalia wakinywa chai. Ukikisema vibaya chakula cha mimea mbele ya Aikande, ulikuwa unatafuta ugomvi.

"Shikamoo, bibi," alisema afisa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, jina lake Veraeli Lyaruu. Mkononi alishika sanduku dogo la vipimo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Umekuja chakula hakijaiva, lakini hutoki hapa na njaa."

"Asante, bibi. Nimekuja kumwona mtoto."

Nsia, mke wa Aminieli, mtoto pekee wa Aikande, alitoka chumbani amembeba mwanawe. Mtoto alikuwa na miezi minane, na kama ilivyo kwa mtoto wa kwanza wa kiume, alipewa jina la babu yake: Ndesario. Nyumbani walimwita Desa.

"Mume wangu huyo," Aikande akatania. "Mtazame tu, afisa, usimtamani."

Afisa hakucheka. Alitandika kanga kwenye mkeka, akamkalisha mtoto. Desa akainama mbele taratibu mpaka paji la uso likagusa kanga, akabaki hivyo hivyo, wala hakulalamika. Afisa akamwinua, akapiga makofi karibu na sikio lake. Akamgusa nyayo. Akavitazama vidole vyake, ambavyo viungio vilikuwa vimeingia weusi usio wa kawaida.

"Alianza kukaa lini?"

"Miezi sita na nusu," alisema Nsia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyasema haya mara nyingi bila kusikilizwa. "Alikuwa anakaa mwenyewe, anaokota punje za ulezi mkekani moja moja. Halafu akaacha. Akaacha hata kunitazama. Nilikwenda zahanati mara mbili. Walitazama kidoti changu, wakasema ni kijani, rudi nyumbani."

Akanyoosha mkono. Kidoti chake, ile punje ya taa ambayo kila mtu alipandikizwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, kilikuwa kijani kibichi, hakina wasiwasi.

"Nipe damu kidogo, mama Desa. Ya kwako na ya mtoto."

Robo saa walikaa wakisubiri sanduku limalize kazi yake. Jikoni mtori ulikuwa unatokota, na harufu yake ya ndizi na uyoga ilijaa nyumba nzima. Sanduku lilipolia, afisa alisoma majibu mara mbili.

"Vitamini B12 ya mama ni kama hakuna," alisema. "Ya mtoto hakuna kabisa."

"Haiwezekani!" Aikande alisimama. "Kidoti ni kijani! Au macho yangu yameharibika?"

"Kidoti kinahesabu chembe za damu, bibi. Na damu yenu ni nzuri. Hizi mboga za majani na maharage yenu yamejaa foleti, na foleti inaijenga damu hata B12 ikiwa imekwisha. Kwa hiyo kidoti kinaona damu imejaa, kinawasha kijani. Lakini ubongo na mishipa ya fahamu haidanganyiki. Hiyo inataka B12 yenyewe, na kwenye mimea B12 haipo. Ndiyo maana tukawapa chachu."

Alifungua kopo la chachu lililokuwa kwenye rafu, akachovya ukanda wa karatasi. Karatasi ikageuka bluu mara moja.

"Chachu yenu iko hai, nzuri kabisa. Na ninyi wawili, wewe na kijana wako, mnaitumia?"

"Kila asubuhi, kwenye togwa."

"Majibu ya vipimo vyenu vya mwezi uliopita ninayo, ninyi wawili hamna tatizo. Na mzazi anapewa?"

"Anapewa kila siku ya Mungu! Kwa mkono wangu huu."

Afisa akamgeukia Nsia. "Na unaila?"

"Nakula kila anachonipa mama."

Afisa alifungua kadi ya kliniki, akasoma bila kuinua macho. "Mimba ya miezi mitano. 'Mama anasema chachu inanuka, hawezi kuivumilia, anatapika.' Ni maneno yako?"

"Ni yangu. Lakini ilipita. Mama alipoanza kunipikia mwenyewe, sikusikia harufu tena."

"Mama Desa, nisikilize. Hii chachu si dawa kama vidonge. Ni vijidudu hai. Unavimeza, vinafanya makazi tumboni, vinakutengenezea B12 kidogo kidogo. Kila siku unaongeza, maana vingine hutoka. Ukila vikiwa hai, haiwezekani uwe na damu hii niliyoisoma leo. Nisemeje? Ningependa kukuamini."

Vijidudu hai.

Aikande alikuwa bado amesimama. Aligeuza shingo akatazama jikoni, kwenye chungu kilichokuwa kikitokota tangu alfajiri.

Kopo lilikuwa na maandishi. Aliyasoma, kwani hajui kusoma? *Changanya kwenye chakula kilichopoa.* Aliyasoma akayapuuza, kwa sababu aliona ni ya watu wa kawaida, na mzazi si mtu wa kawaida. Mzazi mlimani hapewi kitu cha baridi, haguswi na upepo, haingii jikoni. Anakaa ndani, anapikiwa, na kila kinachoingia kinywani mwake kimepita motoni mpaka kikakubali. Na Nsia alipokuwa akitapika, mtoto wa watu, amekonda amebaki macho, ni Aikande aliyekaa akafikiri: hii harufu dawa yake ni moto. Mbona mkate una hamira, nao unaingia kwenye tanuri na unaumuka vizuri tu? Akawa anaitia chachu chunguni tangu anapokibandika, saa tatu nzima, mpaka harufu ikaisha. Nsia akaacha kutapika, akala, akanenepa. Majirani wakaja kuuliza siri. Akawafundisha wanawake sita.

"Bibi? Unajisikia vibaya?"

"Hapana," alisema Aikande. "Magoti tu."

Magoti hayakuwa yamemuuma kwa miaka ishirini.

Afisa alimchoma mtoto sindano ya kwanza pale pale, na mama yake pia, akasema muuguzi atapita kila siku. Kisha akaeleza sheria, na ilionekana haipendi. Miaka kumi nyuma kulikuwa na watu bondeni waliokataa chachu, wakisema binadamu hali wadudu. Watoto wao tisa walikufa. Tangu hapo, mama anayenyonyesha akithibitika kuacha chachu, mtoto anachukuliwa na kulelewa Nyumba ya Malezi mpaka afike miaka mitatu.

"Nitarudi Jumapili na gari," alisema. "Kama kuna lolote la kuniambia, niambieni kabla ya hapo."

"Atapona?" aliuliza Nsia. Hakuuliza kitu kingine.

Afisa alifunga sanduku la vipimo. "Kitakachorudi kitarudi. Vingine siwezi kukuahidi, mama."

*

Afisa alikuwa ameacha kipakiti cha karatasi za kupimia. Aikande alipobaki peke yake jikoni alichota mtori kijiko kimoja, akaupuliza mpaka ukapoa, akachovya ukanda. Ukabaki mweupe. Akachovya mwingine. Akaenda mlangoni kwenye mwanga, labda jikoni kuna kiza. Mweupe, kama ulivyotoka kwenye pakiti.

Alikaa juu ya kigoda, chungu mbele yake. Huu ndio mtori aliousifia. Huu ndio uliompa vyeti viwili. Miezi kumi na mbili alikuwa akimpakulia Nsia bakuli la juu kabisa, lenye uyoga mnono, na kumsimamia mpaka alimalize, na ndani yake hamkuwa na kitu. Alimnyima mjukuu wake chakula huku akimshindilia mama yake. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Alichosikia kilikuwa woga, na alijionea aibu kwamba ni woga.

Aminieli alirudi mchana kutoka kwenye mfereji, mkewe akiwa amekwisha kumweleza kwa simu. Hakuingia chumbani. Alikuja akasimama mlango wa jikoni, mahali ambapo hakuwahi kusimama tangu awe mtu mzima, gambuti zimejaa tope.

"Mama, niambie ukweli. Huwa anaila kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa mepesi: mwanangu, ni mimi. Alimtazama mwanawe, akaona namna anavyomtegemea, akaona kesho yake watu wakisema ni yule bibi wa vyeti aliyemuunguzia mjukuu akili, akawaona wale wanawake sita na wakwe zao. Ulimi ukageuka wenyewe.

"Mimi napakua, baba," alisema. "Mdomoni mwake sikai."

Aminieli aliondoka. Muda si mrefu akasikia sauti yake chumbani, ya juu, ambayo hakuijua. "Ulikuwa unaimwaga wapi? Niambie, unaimwaga wapi? Mama yangu anakesha jikoni kwa ajili yako, na wewe unamuua mwanangu!" Nsia alisema jambo moja fupi lisilosikika.

Aikande aliumwaga mtori wote kwenye migomba, akasugua chungu mpaka mkono ukafa ganzi. Kuanzia jioni ile alimpa Nsia chachu kwenye uji uliopoa, akijiambia kwamba ametengeneza, kwamba sindano zinafanya kazi, kwamba pengine Idara itaonya tu na kuacha. Yote hayo alijiambia. Na kila chakula kilipoletwa, Nsia alikula mbele ya mumewe, chote, akapangusa bakuli kwa kidole, akalamba, kisha akamwinulia Aminieli bakuli tupu alione. Ijumaa mara tatu, Jumamosi mara tatu. Aminieli alitazama pembeni.

"Uji umepoa, mama," alisema Nsia Jumamosi mchana, anarudisha bakuli. Hakuwa analalamika, alishangaa tu. "Leo umenipa wa baridi."

"Kuni zimeloa," alisema Aikande.

Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa kwenye majani makavu ya migomba, akajipiga mapaja kwa ngumi kama mtu aliyefiwa.

*

Jumapili gari la Idara lilipanda kilima lenyewe, halina dereva, halina mlio. Ndani walikaa afisa Lyaruu na muuguzi. Watu waliotoka kanisani walikuwa wameshajaa uani, wengine kwa huruma, wengine kwa umbeya, maana Ngaruma ni Ngaruma. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Kileo, alisoma karatasi kwa haraka kama anayetaka iishe. Mama amethibitika. Mtoto anachukuliwa. Mpaka afike miaka mitatu.

Nsia alikuwa amefungasha nguo za mtoto tangu asubuhi. Jozi tatu za soksi alizofuma mwenyewe, kofia, mkeka mdogo. Aliomba jambo moja: amnyonyeshe mara ya mwisho. Afisa akasema ndiyo. Akakaa kwenye ngazi mbele ya watu wote, kifua wazi, akamweka mtoto, na Desa akanyonya kidogo akaachia, akanyonya akaachia, macho yake yakitazama mahali pasipo na mtu. Nsia alimfuta maziwa mdomoni. Wanawake wawili wakaanza kulia. Aminieli alikuwa ameegemea ukuta wa zizi, mikono kichwani.

Aikande alisimama nyuma ya watu. Alikuwa anasema moyoni, sasa, sasa hivi, wakimaliza kunyonyesha nitasema. Wakamaliza. Akasema, akisimama nitasema. Nsia akasimama.

Ndipo Siaeli akapenya katikati ya watu, anahema, kilemba kimemning'inia shingoni. Siaeli alikuwa jirani wa ng'ambo ya mfereji, mmoja wa wale sita; mkwewe, Kunda, alikuwa na mtoto wa miezi mitano.

"Aikande yuko wapi? Mama Aminieli! Njoo unisaidie, dada yangu, njoo uone mtoto wa Kunda. Tangu juzi hanyonyi. Leo shingo haikai, na sasa hivi ameshikwa na degedege. Na tunampikia Kunda vile vile ulivyotufundisha! Hatujapunguza kitu! Chachu tunaibandika na chungu, saa tatu kamili, kama ulivyosema. Nimekosea wapi?"

Uwanja mzima ulimsikia. Afisa Lyaruu aligeuka polepole.

"Kama nani alivyosema?"

"Hukukosea, Siaeli," alisema Aikande. Watu walimpisha mpaka akafika mbele, akasimama kati ya gari na Nsia. "Afisa, mwache mtoto na mama yake. Nsia alikula. Alikula kila nilichompa, hakubakisha. Ni mimi niliyekuwa naichemsha."

Aminieli alishusha mikono.

"Tangu lini?" aliuliza afisa.

"Tangu mimba ya miezi mitano. Alikuwa anatapika. Nikaona moto utaondoa harufu."

"Muda gani motoni?"

"Saa tatu."

Afisa alifumba macho, akafumbua. "Nani mwingine umemfundisha?"

Aliwataja. Siaeli. Ndeonasia wa kule juu. Mama Penina. Mkunde. Wale ndugu wawili wa karibu na shule, Anaeli na Eliaichi. Kila jina lililotoka, mtu fulani kwenye umati alivuta pumzi, kwa sababu kila jina lilikuwa na mtoto nyuma yake. Muuguzi alikuwa tayari anafungua sanduku la sindano. Siaeli hakuwa ameelewa bado. Alikuwa anawatazama watu usoni mmoja mmoja, anangoja mtu amweleze.

"Na ulijua lini kwamba ni moto?" aliuliza afisa.

Angeweza kusema leo, sasa hivi, Siaeli alipofika. Nani angejua?

"Alhamisi," alisema. "Ulipokuwa unaeleza. Hata wewe hujaondoka."

"Siku tatu," alisema Aminieli. Hakumwambia mtu, alikuwa anahesabu tu. Kisha akamgeukia mkewe, akafungua mdomo, na Nsia akainua kiganja kumzuia. Hakutaka kuyasikia aliyokuwa nayo, si wakati ule.

Alimsogelea mama mkwe wake mpaka wakakaribiana. Desa alikuwa begani mwake.

"Mama," alisema. "Siulizi kwa nini uliichemsha. Najua ulikuwa unanipenda. Nauliza jambo moja tu. Kama mama Siaeli asingekuja leo, mtoto akapakiwa kwenye gari, ungesema?"

Aikande alitaka kusema ndiyo. Alilitafuta hilo neno kote ndani mwake. Alikuwa amejiahidi mara ngapi asubuhi ile, mara tano, mara sita? Na kila mara miguu ilibaki pale pale.

"Sijui, mwanangu," alisema, na hapo ndipo machozi yalipokuja. "Walahi sijui."

Nsia alimhamishia Desa bega la pili. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Mtoto ni wako, mama Desa," alisema afisa, akiipasua ile karatasi ya mwenyekiti mara mbili. "Ukitaka, panda. Tunapita kwa Kunda kwanza, halafu hospitali ya wilaya. Wakampime kichwa vizuri, tujue kimebaki nini."

Nsia alipanda, Siaeli akasukumwa ndani akiwa bado anauliza. Aminieli alitaka kupanda nyuma yao. "Wewe kaa na mama yako," Nsia alimwambia, akauvuta mlango. Aminieli alibaki ameshika hewa.

Afisa aliteremsha kioo. "Bibi, hizo nyumba nyingine gari haliwezi kuzifikia zote mchana huu. Nenda kwa miguu. Wazazi wasile hata kijiko kingine cha kile chakula mpaka nifike na sindano. Waambie mwenyewe. Wewe ndiye watakayemsikia."

Gari likateremka. Watu wakatawanyika bila kumuaga. Aikande alimtazama mwanawe, na mwanawe aliingia ndani, akakaa kwenye mkeka karibu na zizi, akampa mgongo. Alitamani kumgusa begani. Hakuona mkono wa kumgusia.

Akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya juu. Hii ndiyo miguu ambayo maharage na mnafu vilimpa, myepesi, haina maumivu, pumzi haikatiki. Ilimpandisha kilima kile upesi kuliko alivyotaka. Njiani alikuwa anayapanga maneno. Kila alivyoyapanga yaliharibika.

Nyumba ya Ndeonasia ilikuwa ya kwanza. Moshi ulitoka darini. Ndani mtu alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya furaha, na mwiko ulikuwa unagonga ukingo wa chungu.

"Hodi humu ndani," alisema Aikande.

"Mwalimu wangu huyo! Karibu, karibu mwalimu!" Ndeonasia alitokea mlangoni, uso umeloa jasho la moto, anafuta mikono kwa kanga. "Umekuja wakati mzuri, uonje uniambie kama nimepatia. Chakula cha mzazi kiko motoni tangu asubuhi, na nimefuata kila ulichoniambia."

"Epua," alisema Aikande.

"Bado kidogo, mwalimu. Saa tatu hazijatimia."

"Epua chungu, Ndeonasia. Kisha niletee mtoto nimwone."